Siku Stelingi Alipokufa Ujiji

Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati karabai. Wavuvi wa Ujiji hubaki nchi kavu, na kibanda umiza, kile cha kuonyeshea filamu kwa kiingilio, hujaa mpaka mlangoni. Usiku mmoja wa namna hiyo mwenye kibanda alikuwa amepata DVD mpya, zile za filamu nyingi ndani ya sahani moja, akaandika ubaoni kwa chaki: BRUCE WILLIS, NGUMI NA RISASI. Jina la filamu hakuna aliyeliuliza. Ilikuwa Pulp Fiction ya mwaka 1994, kazi ya mwongozaji Quentin Tarantino.

Mwanzoni watu walivumilia. Majambazi wawili wenye suti nyeusi, Jules na Vincent, wako ndani ya gari wanapiga soga za baga za Ufaransa. Wanaongea weee, risasi hailii. "Hawa wanakwenda kazini au harusini?" mzee mmoja akauliza. Mtafsiri wetu, ambaye akishika maiki hata farasi wa filamu huongea Kiha, siku hiyo alikosa la kusema.

Sasa, kibandani kuna sheria moja: stelingi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, ila hafi. Na sisi stelingi tulishampata. Bango lilisema Bruce Willis, lakini Vincent, yule John Travolta, ndiye aliyecheza dansi na mke wa bosi, kisha akamwokoa kwa sindano ya kifuani. Basi Bruce Willis anarudi nyumbani kwake kufuata saa ya marehemu baba yake, anakuta bunduki imeachwa jikoni. Choo kinavutwa maji. Mlango unafunguka, Vincent huyo, kitabu mkononi. Wanatazamana. Mikate inaruka kwenye tosta na bunduki inaitikia. Stelingi kafa mlangoni mwa choo, hata ngumi hakurusha!

Hilo tungelimeza kwa shida. Lakini kitambo kidogo, Vincent huyohuyo akatokea tena, mzima wa afya. "Mkanda umeruka!" "Rudisha hela!" Mtafsiri akajitetea kwamba huyo ni pacha wake. Pacha! Benchi likapinduka. Mwenye kibanda, kwa kuihofia televisheni yake, akachomoa sahani akaweka Commando ya Arnold Schwarzenegger, ambayo kila mtu aliijua kwa moyo, na watu wakakaa.

Mimi iliniwasha. Asubuhi nikamfuata mwenye kibanda: "Mjomba, nikufagilie kibanda, halafu uniwekee ile iliyoruka." Akaniwekea huku akicheka. Kumbe haikuruka popote. Tarantino alikata visa vyake akavichanganya makusudi: mgahawa unaofungua filamu ndio unaoifunga, na Vincent anatoka pale akitembea kwa kuwa siku yake ya kufa bado. Baadaye nilisoma kwamba filamu ile ilichukua tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, na kwamba mtunzi wake, kabla hajawa mtu, aliuza na kukodisha kanda katika duka la video huko California. Mtu wa kibandani, kama sisi.

Nikaanza kuzisaka filamu zake nyingine. Reservoir Dogs ya 1992 inahusu wizi wa almasi, na wizi wenyewe huonyeshwi. Kill Bill ya 2003 nayo inarukaruka, lakini Ujiji hakuna aliyelalamika; panga likiwa kazini nani anahesabu siku? Ninayoipenda kuliko zote ni Jackie Brown ya 1997, ambayo wengi huiruka. Pam Grier, mhudumu wa ndege anayebanwa na polisi upande huu na muuza silaha upande ule, anawazidi wote akili. Ni filamu ya watu wazima.

Lakini jioni ya siku ile niliyowekewa upya, nilimweleza yule mzee mambo yote, kuanzia mgahawani hadi chooni. Akanisikiliza akitoa miiba ya mgebuka.

"Kwa hiyo stelingi ni nani?"

"Jules, mzee. Ndiye anayeacha ujambazi mwishoni."

"Yule wa kusoma Biblia?"

"Ndiye."

"Sasa mtafsiri si angesema mapema!"