Siku yangu na maharage yaliyomwagika

Saa 12:00 asubuhi. Chai haijachemka, mimi niko sakafuni na maka peni. Huwa nachora nyuma ya kalenda za zamani: karatasi ngumu, nyeupe, na ya bure, tofauti na manila. Leo Kidato cha Pili wanasoma nahau za Kiingereza, na "spill the beans" (kutoboa siri; neno kwa neno, kumwaga maharage) nimeichorea picha mbili.

Saa 1:30. Mstarini, usafi, matangazo. Tuendelee.

Saa 2:40. Vipindi viwili mfululizo, dakika 80. Wengi wa watoto hawa shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu. Nabandika picha ya kwanza: sufuria imepinduka, maharage yametapakaa. Vicheko. "Madam, mpishi kafukuzwa kazi!"

Picha nyingi za nahau mtandaoni huishia hapo: paka na mbwa wanadondoka mawinguni, basi. Zinakaa kichwani kweli, ila mtoto anaondoka na maharage tu, maana ya nahau hana. Ndiyo maana ya picha ya pili: wasichana wamejificha nyuma ya meza yenye keki, na mdogo wao yuko mlangoni anamnong'oneza mwenye bethidei. Sikuandika neno hata moja. Nauliza kwa Kiingereza nani kakasirika, na kwa nini. Wanabishana wee, mpaka binti mmoja anaropoka: "Kumbe kamwaga ubuyu!" Mwingine anadakia la mtama na kuku wengi. Darasani kwangu ni Kiingereza tupu, lakini hapo sikemei mtu.

Kisha sentensi. Mmoja anaandika "spilled the bean". Ubaoni naonyesha kinachobadilika na kisichobadilika: kitenzi kinafuata wakati, "beans" inabaki na wingi wake hata siri ikiwa moja.

Saa 7:00. Ugali na maharage, bila shaka. Kwenye foleni nasikia "Don't spill the beans!", na sahani ya mtu kweli imeinama.

Saa 8:30. Ofisini mwenzangu ananihimiza nifundishe "raining cats and dogs" (mvua kubwa inanyesha). Sikubali. Waingereza wenyewe siku hizi hawaisemi sana. "Under the weather" (kutojisikia vizuri) itamfaa mwanafunzi siku anaumwa kichwa.

Saa 10:00. Madaftari. Nayapitisha haraka.

Saa 2:00 usiku. Kesho ni "cold feet" (kuingiwa na woga dakika za mwisho). Nimemfikiria bwana harusi anayesitasita mlangoni mwa kanisa, ila kuchora suti kunanishinda. Mwenye tukio rahisi zaidi anitupie.