Rangi shavuni, hesabu mezani

Juzi binti yangu karudi jioni sauti imemkauka kwa kushangilia timu ya shule, rangi ya bluu bado imemganda shavuni. Nikamuuliza, "Na jaribio la hesabu la kesho?" Akanitazama kama nimemmwagia maji ya baridi. Tukakaa mezani. Swali la tatu, la sehemu, alilifuta mara nne mpaka karatasi ikatoboka, kisha usingizi ukamchukua juu ya daftari. Nilitaka kumtoa kwenye kikundi cha ushangiliaji, nikakumbuka mwaka jana hakuwa na rafiki hata mmoja pale shuleni. (Na walimu nao jamani, mechi leo, jaribio kesho?) Kapata 11 kati ya 20. Leo kuna mazoezi tena. Nimemwambia aende, ila daftari lipande begi moja na jezi.