Jimu ilinishinda, rede ndio imeninyanyua

Mwaka jana mwezi wa nne nilienda zahanati kwa ajili ya kichwa tu, kilikua kinanigonga kisogoni wiki nzima, nesi akanifunga ile mashine ya presha mkononi, akaisoma akanyamaza, akapima tena. 152 kwa 98. Dada una miaka mingapi, nikamwambia 39, kazi yako nini, nikamwambia fundi cherehani. Nakaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa moja jioni, na kukiwa na oda za harusi mpaka saa sita usiku huko. Daktari akanianzishia dawa, akasema chumvi nipunguze na mazoezi nifanye angalau dakika 150 kwa wiki, ndio kiwango ambacho hata WHO, shirika la afya duniani, wanakisema kwa mtu mzima. Nikatoka pale nimeogopa kweli, maana mama yangu presha ndio ilimlaza upande mmoja na mimi ndio niliyekua namgeuza kitandani.

Kwahiyo nilianza na jimu kama watu wote wanavyoshauri. Nikalipa elfu sitini ya mwezi, nikanunua raba mtumba nzuri tu, nikajishonea na suruali ya kunyoosha. Nilienda mara nne. Sisemi jimu ni mbaya, kuna watu imewasaidia sana na nawaheshimu, ila mimi nilikua nikipanda ile mashine ya kukimbilia naangalia ukuta, nakimbia sifiki popote, muziki unapiga mpaka kifua kinatetemeka, na macho yangu yote kwenye zile namba za dakika zinavyojivuta, 4:10, 4:11, 4:12. Yaani muda wote nilikua nasubiri iishe. Na kitu ukikifanya huku unasubiri kiishe, siku ya tano mvua ikinyesha kidogo tu huendi, na mimi sikwenda.

Nikajaribu na video za kwenye simu, chumba changu kidogo, nikiruka kitanda kinalia na mpangaji wa chini anagonga. Nikajaribu kuruka kamba, magoti yakauma siku tatu nikaacha.

Sasa kilichonibadilisha kilitokea hapahapa uani. Ilikua Jumapili jioni, watoto wa nyumba yetu na ya jirani wanacheza rede, mimi nimekaa kibarazani napinda pindo la dera la mtu. Mpira ukaja ukanigonga mguuni. Nikauokota nirudishe, na mkono wangu wenyewe, wallahi sikupanga, ukaurusha ile kwa chini kwa ubavu kama tulivyokua tunarusha zamani kule Tanga, ukampata binti wa katikati kwenye nyonga kabla hajainua mguu. Watoto wakapiga kelele, mama cheza na wewe! Nikaweka lile dera chini nikaingia.

Kwa ambaye hajacheza, rede ni hivi. Wawili wanasimama huku na huku wanarusha mpira, wewe uko katikati unakwepa, na kuna chupa chini unatakiwa uijaze mchanga, ukipigwa umetoka. Zanzibar wanaita nage, na kila mtaa una sheria zake ndogondogo kwahiyo msinishambulie kama kwenu mnacheza tofauti. Kinachofanyika ni kwamba unachuchumaa unachota mchanga kwa viganja, unasikia mpira unakuja unaruka pembeni, unageuka, unainama tena, unarudi nyuma mbio. Hakuna sekunde mwili umetulia. Siku ile nilicheza kama dakika 20 nikahisi moyo unadunda mpaka masikioni, jasho linachuruzika mgongoni, na sikuwahi hata mara moja kuwaza saa ngapi. Usiku nikalala kama mtoto. Kesho yake mapaja yalikataa kushuka ngazi, lakini nilikua na furaha ambayo sijui niielezeje. Nikiwa darasa la tano nilikua nakimbia hivi kila siku mpaka magharibi, mama anatoka kuniita mara tatu ndio naingia, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia nenda kafanye mazoezi.

Nikawaza basi kumbe mwili wangu unapenda kukimbia, unataka tu sababu ya kukimbia na watu wa kukimbia nao.

Wiki iliyofuata nikamshawishi mama mwenye nyumba, ana miaka 54 na sukari, na dada mmoja wa chumba cha kona ambaye ametoka kujifungua, mtoto wake ana miezi minane. Walikataa kwanza, watu wazima sisi watatuonaje. Nikawaambia tucheze saa kumi na moja na nusu jioni jua likiwa limepoa, tuvae suruali chini ya madera tuyafunge kiunoni, na watoto wacheze na sisi ili hata anayetuona aone tunacheza na watoto. Hilo la watoto ndio lililowatoa. Sasa hivi tuko tisa, wengine wanatoka mtaa wa pili, na kuna dada anafanya kazi wizarani anavuta kamba kwenye SHIMIWI, ile michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, huyo akirusha mpira unajua umerushiwa.

Mpira nashona mimi, na hapa naomba nikae kidogo maana watu wengi wanakosea. Wa kwanza nilijaza vipande vya kitenge nikavikaza sana, ukawa mzito, ukampiga mama mwenye nyumba mbavuni akakaa chini, nilijisikia vibaya mno. Wa pili nikaweka sponji tupu, ukawa mwepesi, ukirusha upepo unauchukua. Wa tatu ndio nikapatia: katikati sponji la ukubwa wa yai, juu yake unazungushia vipande vyembamba vya kitenge bila kukaza, unatumbukiza kwenye soksi ndefu ya nailoni, unasokota mdomo wa soksi unaigeuza juu yake mara mbili tatu, alafu unashona kwa uzi wa viatu. Ukubwa wa chungwa la wastani. Ukikupiga unasikia lakini hauumizi. Na chupa tunatumia ya plastiki, ya kioo nilikataa kabisa kwa sababu ya watoto.

Tunacheza Jumapili na Jumatano, kila mara kama saa nzima ukiondoa mapumziko ya maji na maneno. Hizo ni dakika 120 tayari.

Zilizobaki nazipata Jumamosi alfajiri kwenye daraja la Tanzanite hapa Dar. Hili mdogo wangu ndio alinivuta. Daraja lilizinduliwa rasmi mwezi wa tatu 2022, linatoka upande wa hospitali ya Aga Khan linapita juu ya bahari mpaka upande wa ufukwe wa Coco, urefu wake kilomita 1 na mita kama 30, kwahiyo ukienda na kurudi una kilomita mbili na ushee, na pembeni kuna njia ya waenda kwa miguu hivyo hugombani na magari. Tunaanzia upande wa Coco saa kumi na mbili kasoro. Sikimbii, natembea kwa haraka, kipimo changu ni kwamba naweza kuongea lakini siwezi kuimba. Vikundi vya jogingi vinatupita vinaimba, mguu unagonga kwa pamoja kabisa kama mchakamchaka wa shule ya msingi, na wakipita hata kama umechoka hatua yako inajikuta inafuata ya kwao. Jua linachomoza upande wa bahari, chini ngalawa zinarudi. Elfu sitini ya mwezi haijanipa hata siku moja kitu kama kile.

Kitu kingine ni kutembea kwenye maji. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali sana pale Coco, tukimaliza daraja tunasubiri yakupwe ndio tunashuka tunatembea maji yakiwa chini kidogo ya magoti, na raba za zamani miguuni kwa sababu ya mawe. Jaribu dakika kumi tu uone mapaja yanavyofanya kazi, na magoti yangu hayaumi kabisa kama kwenye kamba. Ila bahari sio ya kuzoea, maji yakianza kujaa tunatoka hapohapo, na hatuingii siku ambayo hatujui maji yanakupwa saa ngapi. Muda unasogea karibu dakika 50 kila siku, kwahiyo saa ya jana haikusaidii leo, uliza wavuvi watakuambia vizuri kuliko mtu yeyote.

Mwezi uliopita nilirudi zahanati, 134 kwa 86. Dawa sijaacha na siachi mpaka daktari aseme, na nawaomba sana mlioanza mazoezi mkajisikia vizuri msitupe vidonge, nimeona jirani alifanya hivyo na tulimzika. Uzito nimepungua kilo nne tu ambazo sio nyingi, lakini mgongo ule uliokua unanikata saa tisa mchana nikiwa kwenye cherehani umeacha. Mama mwenye nyumba anasema sukari yake imekaa vizuri ila huyo ana masharti yake ya chakula pia, siwezi kusema ni rede peke yake.

Shida zipo. Mwezi mtukufu tulisimama kabisa na kurudi ikawa kazi, watatu hawajarudi mpaka leo na nawakumbuka. Masika uwanja unakua tope. Na kuna wanaume wa kijiweni walikua wanatuzomea, yule dada wa SHIMIWI akaenda kuwaambia kama wana pumzi waje waingie katikati, wakaja wawili, wakatolewa kabla chupa haijafika nusu, na mmoja wao sasa anamleta mke wake kila Jumatano anakaa anamshikia mtoto.

Mpira wetu huu wa sasa umeanza kuachia mshono upande mmoja. Nimeshakata vipande vya mpya, kitenge cha bluu kilichobaki kwenye sare ya harusi ya juzi, viko hapa mezani chini ya mkasi, nikimaliza sketi ya mteja naushona leoleo maana kesho ni Jumatano.