Njoo na fimbo

Karatasi niliyopewa ilikuwa na mistari mitatu tu. Kesho Alhamisi, tarehe 11 Oktoba, kuanzia saa 2 asubuhi, macho yatapimwa bila malipo kwenye zahanati ya kijiji. Atakayekutwa na mtoto wa jicho atapangiwa siku ya upasuaji Tanga mjini. Waje wakubwa kwa wadogo. Basi. Chini yake sahihi ya daktari na muhuri.

Mwaka huo wa 2012 nilikuwa na miaka 23, na kazi yangu kwenye kliniki ile ndogo ya macho ilikuwa kusaga vioo vya miwani, kukaza skrubu za fremu na kuandika kadi za wagonjwa. Kutangaza haikuwa kazi yangu. Aliyezoea kutangaza alifiwa Korogwe siku moja kabla ya safari, nikaambiwa, wewe si una sauti? Na kweli ninayo. Nilishawahi kuadhini msikiti wa mtaani kwetu Ngamiani, na sifa za sauti zinalevya kuliko tembo la mnazi.

Tukavuka mto kwa kivuko pale Pangani, tukashukia Bweni, tukapita Mwera, tukaingia Kipumbwi jua limeshaanza kulegea. Nikasimama nyuma ya pikapu na kipaza sauti. Mzunguko wa kwanza niliisoma karatasi kama ilivyo. Watoto wakalikimbiza gari. Wazee wakaendelea na bao lao, na wavuvi waliokuwa wakishona nyavu hawakuinua hata uso. Nikaona aibu. Mzunguko wa pili karatasi nikaitia mfukoni.

"Usiyeona, njoo uone! Njoo na fimbo, urudi bila fimbo!"

Hapo watu wakatoka vibarazani. Dereva akanipigia honi ya kunipongeza. Nikalirudia neno lile mpaka koo likakauka, na usiku nililala nimeridhika na nafsi yangu kupita kiasi.

Asubuhi tulikuta foleni imeshazunguka zahanati. Chati ya E tuliitundika kwenye mwembe. Futi tuliisahau Tanga, kwa hiyo zile mita 6 tulizipima kwa hatua za dereva, aliyeapa kwamba hatua yake ni mita kamili, kisha tukanyoosha kamba ya katani ili watu wasiivuke. Upepo wa baharini ukawa unaipindua chati kila dakika, sista akaifunga jiwe kwa chini. Anayepimwa huziba jicho moja na kuonyesha kwa vidole vitatu mahali miguu ya E inapoelekea: juu, chini, kulia, kushoto. Kina mama kadhaa walikuja na vichanga mgongoni kwa sababu nilitangaza "mtoto wa jicho", nao walisikia neno la kwanza tu. Hatukuwarudisha. Wengi wa wale watoto macho yalikuwa yakiwawasha kwa vumbi na mzio.

Kuna bibi mmoja simsahau. Alipewa miwani ya +2.50 ajaribu, akawekewa mbele kile kikaratasi cha maandishi madogo. Akakisukuma pembeni. Kusoma hajui, akasema, na hakuja kujifunza leo. Akafungua pindo la kanga, akamimina kiganjani mchele aliotoka nao nyumbani, akaanza kuuchambua palepale mbele ya meza yangu. Kokoto ya kwanza. Ya pili. Ya tatu aliiinua kwa ncha za vidole, akaitazama kama mtu aliyemshika mwizi wake.

"Mkwe wangu anasema namtilia makusudi," akatangazia foleni nzima.

Miwani yenyewe ilikuwa ya plastiki, haina ajabu. Umri ukivuka 40, karibu kila mtu mkono huanza kuwa mfupi wa kushikia sindano au ujumbe wa simu. Baadaye nimeuza miwani ya bei mbaya kwa watu wa maana zao, lakini sijapata tena mteja wa kuipima kwa mchele.

Kwenye saa 5 hivi akaja mzee mmoja, ameletwa na binti yake kwa bodaboda kutoka upande wa mashambani. Kanzu imepigwa pasi, mikunjo bado imesimama. Mkononi fimbo nyembamba, nyeusi, iliyong'aa pale panaposhikwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akageuza uso, akautuliza usawa wa sauti yangu. "Wewe ndiye wa jana."

"Ndiye mimi, mzee."

"Una sauti nzuri, mwanangu. Imefika mpaka kwetu."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi.

Mama daktari akamkalisha, akamwonyesha vidole viwili. Vingapi, baba? Vitatu. Akaonyesha vinne. Vitatu. Akapunga mkono mbele ya uso wake, mzee akanyamaza. Ndipo akachukua tochi. "Nikiwasha useme, nikizima useme." Tochi ikalia ta. "Umewasha." Ta. "Umezima." Ta. "Umewasha." Hakukosea hata mara moja. Nami nimeshashika kalamu niandike kwamba anaona mwanga, na penye mwanga pana tumaini.

Daktari akaitazama tochi, akanitazama mimi, akaweka kidole mdomoni. Akaiwasha kwa mbali huku ameifunika kwa kiganja, akaisogeza taratibu mpaka karibu na jicho, kisha akaondoa kiganja bila sauti. Mwanga wote ukamwingia mzee machoni. Mboni zilikuwa nyeusi, safi, hazina ule weupe wa mtoto wa jicho, wala hazikusinyaa. Mzee ametulia, mikono juu ya fimbo, anasubiri.

"Bado hujawasha," akasema kwa adabu.

Kwenye kadi nikaandika herufi ambazo kwetu zina maana kwamba jicho halipokei hata mwanga. NPL, kulia. NPL, kushoto. Daktari akachukua kile kifaa chake chenye taa, akainama mpaka nyuso zao zikakaribia kugusana, akatazama ndani muda mrefu. Alipoinuka alivuta kiti akakaa. Nilimjua: habari njema huzitoa amesimama.

"Baba, taa ya chemni unaijua. Kioo kikishika moshi, unakifuta, nyumba inapata mwanga. Huyo ndiye mtoto wa jicho, na hao wenzako wa nje nitawafutia. Wewe kioo chako ni kizima. Kilichokwisha ni utambi. Presha ya macho imeukausha kidogo kidogo, miaka, bila kuuma. Utambi huo mimi siwezi kuurudisha, na hakuna anayeweza. Usimpe mtu pesa kwa hilo."

Mzee akauliza kama angekuja mapema. Daktari hakumdanganya. Matone ya dawa yangeweza kuulinda utambi uliobaki, akasema; uliokwisha ungebaki umekwisha. Kisha akamgeukia binti. Maradhi haya hupita kwenye damu, dada, umewahi kupimwa?

Yule dada akacheka. Mbona yeye anaona vizuri tu! Na kweli, kwenye chati aliziona zote hadi mstari wa mwisho, kila jicho. Wengi hujiponza hapo, kwani presha ya macho huanza kula pembeni, katikati huachwa mwisho, na chati haina la kusema. Akalazwa kwenye benchi, akatiwa dawa ya ganzi, daktari akamwekea juu ya jicho kile kichuma kidogo cha kupimia. Akarudia mara mbili. Presha ilikuwa juu, macho yote. Nikamwandikia barua ya kwenda hospitali ya Bombo, Tanga mjini, nikaipigia mstari neno "mapema" ingawa hakuna aliyeniagiza.

Aliikunja mara nne akaitia kwenye sidiria. Kama alikwenda, sikupata kujua.

Wakati wa kuondoka mzee alisimama mbele ya meza yangu. Nilishajiandaa kwa lawama. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nayo, tena mengi. Akapapasa ukingo wa meza, akaupata, akaigonga kidogo fimbo chini.

"Haya, bwana wa kipaza sauti. Nimekuja nayo, na narudi nayo." Akatabasamu, akapanda bodaboda katikati, dereva mbele na binti nyuma. Maneno yote niliyoyaandaa yalibaki kinywani.

Jioni tukashuka Mkwaja. Nikapanda nyuma ya pikapu, nikatoa karatasi mfukoni, nikainyoosha kwenye paja, nikaisoma. Mistari mitatu. Nikaisoma tena mzunguko wa pili, na wa tatu. Dereva akatoa kichwa dirishani.

"Leo vipi? Ile ya fimbo huisemi?"

Nikamwambia sauti imenikauka.