Lahani Kwanza, Maneno Baadaye

Katika filamu nyingi za Kihindi, muziki hutungwa kwanza, kisha mshairi hupewa lahani aijaze maneno. Hapo ndipo penye kazi. Irabu fupi huhesabiwa pigo 1, ndefu 2. Ukiweka fupi kwenye sauti inayovutwa, neno hugeuka: kwa Kihindi din ni siku, lakini likivutwa husikika diin, yaani fukara! Mukhda, kipande cha mwanzo, ndicho kigumu zaidi, maana kila antara, yaani ubeti, hurudi kwake.

Sikilizeni filamu ya Madhumati (1958) ya mwongozaji Bimal Roy: maneno ya Shailendra, muziki wa Salil Chowdhury. Mwimbaji Lata Mangeshkar alipata tuzo ya filamu ya Filmfare kwa wimbo wa filamu hiyo, Aaja Re Pardesi. “Aaja re” nzima ni irabu ndefu, sauti inapata pa kutulia. Ufundi mtupu!