Nilivyotengeneza nyumba ya mama hapa Tororo, Uganda, bila kupewa hata bati moja

Naandika hii kwa sababu jirani mmoja alikuja wiki iliyopita kuniuliza ni programu gani ya serikali ilinipa mabati, na sio yeye wa kwanza kuuliza. Hakuna programu iliyonipa mabati. Lakini watu wa ofisi wamenisaidia, tena sana, kwa njia ambayo sikuitegemea, na kama ningejua mapema mama asingelala misimu mitatu ya mvua na beseni miguuni.

Nyumba yetu ni ya zamani. Baba alikuwa mtu wa reli, ndio maana hata Kiswahili kwetu ni cha nyumbani, akajenga ya miti na udongo, vyumba vitatu, halafu nje akapiga lipu ya simenti ionekane kama ya matofali. Alifariki 2011 na tangu hapo hakuna aliyepanda juu ya lile paa. Mvua za Machi zikianza mama alikuwa anapanga vyombo gizani bila hata kuwasha taa, sufuria kubwa mlangoni, beseni la bluu miguuni pa kitanda, kikombe cha plastiki juu ya kabati, anajua kila tone linaanguka wapi. Na ukuta wa upande wa barabara ulikuwa umetoa tumbo, ukiugonga unasikia kabisa ndani kuna uwazi.

Mimi nauza mivumba, yaani nguo za mitumba, sokoni, sina mshahara. Fundi wa kwanza akasema vunja yote tujenge upya, shilingi milioni 14 za Uganda, nikamwambia asante. Wa pili akasema ni lipu tu imechoka, nikampa hela ya mifuko minne ya simenti na ufundi, na kweli ilipendeza, lakini baada ya miezi miwili ikabanduka vipande vikubwa kama ganda la yai na nyuma yake udongo umelowa tepetepe. Ile hela iliniuma mpaka leo.

Ofisini niliogopa kwenda, nasema ukweli. Wote tunajua ile X nyekundu wanayochora kwenye ukuta wakitaka kuvunja, na mimi nilikuwa na hakika kwamba mtu wa halmashauri ya mji akiona ule ukuta ataweka X kabla hata sijamaliza kusalimia.

Kilichonitoa woga ni mambo ya PDM, ile Parish Development Model, mpango wa serikali wa mikopo uliozinduliwa 2022, ambapo kila parishi (sio ya kanisa, ni eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) inawekewa milioni 100 kwa mwaka kwenye SACCO yake, chama cha akiba na mikopo, na mtu anakopa mpaka milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Nilimfuata chifu wa parishi nikamweleza wazi kwamba nataka ile milioni kwa ajili ya paa. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Dada, hiyo milioni ukiipandisha kwenye paa itakuzalishia nini cha kuirudisha? Hii ni ya mradi. Chagua mradi, nyumba ijengwe na faida." Nikamuuliza basi ya nyumba iko wapi, akasema hakuna, na alikuwa sahihi, maana hata ndugu yangu wa Jinja aliniambia ile TSUPU, mradi wa kuboresha mitaa ya maskini mijini, iliyoanza kwao na Mbale, Mbarara, Kabale na Arua mwaka 2010 pesa yake ya mitaa ilienda kwenye vitu vya wote kama maji, vyoo na mifereji, sio kwenye paa la mtu mmoja. Lakini chifu akaniambia kitu kingine, nenda kwa injinia wa mji kabla hujampa fundi yeyote hela, kwa sababu sheria ya kusimamia ujenzi (Building Control) ya 2013 inataka kibali hata kwa kazi ndogo, na ukikiomba watakuja kuangalia nyumba, na yale macho yao ndiyo unayoyahitaji.

Nikaenda na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kitambulisho cha mama na yale makubaliano ya kununua kiwanja ambayo mama alikuwa ameyakunja ndani ya kanga chini ya sanduku. Baada ya kuzungushwa kidogo akaja dada mmoja kijana na buti zake. Akamsalimu mama vizuri, "Shikamoo mama, naweza kuugusa ukuta wako?" halafu akachukua ufunguo akakwaruza pale chini, udongo ukamiminika kama unga wa muhogo. Akapanda stuli akavunja kipande cha mbao ya paa kwa vidole viwili tu, mchwa walikuwa wamekula ndani yote wakaacha ngozi.

Akatueleza vizuri sana. Maji yanatoka sehemu mbili, paa ni fupi linamwagia ukuta, na maji ya barabara yanashuka yanakuja kusimama kwenye msingi. Simenti juu ya udongo haishikani nao, halafu inafunga maji ndani, ukuta hauwezi kupumua, ndio tumbo lile. Akasema anza na mfereji, halafu paa, halafu ukuta, na lipu iwe ya mwisho kabisa. Sisi tulikuwa tumeanza na mwisho! Na hakuchora X yoyote.

Milioni ya PDM nikaiweka kwenye kuku wa nyama, vifaranga 100. Raundi ya pili walikufa 11 kwa sababu nilichelewesha chanjo, lakini raundi tatu zikaniachia karibu laki 8, na kikundi chetu cha akiba, kile cha sanduku lenye kufuli tatu na kila ufunguo na mtu wake, wakanikopesha laki 5. Mfereji tulichimba wenyewe na vijana wa jirani, nikawapikia posho, yaani ugali, na maharage. Fundi akachambua mabati, mazuri tukayarudisha juu ya paa, tukanunua mapya 14 tu ya geji 28, mbao zilizoliwa zikabadilishwa, na paa likaongezwa futi mbili kwenda nje. Lile tumbo likavunjwa likajengwa upya, kisha lipu ya udongo na mchanga na chokaa kidogo, chokaa ya hapa hapa Tororo. Yote na ufundi haikufika milioni moja na nusu, hiyo iliyopungua nilitoa kwenye mivumba. Deni la PDM bado nalilipa kwa kuku haohao, na choo bado kinasubiri.

Mvua kubwa ya kwanza nililala huko makusudi. Usiku wa manane radi ikapiga, maji yakaanza kugonga bati, nikamsikia mama ameamka. Kuwasha simu nimulike, namkuta amesimama katikati ya chumba na lile beseni la bluu mkononi, anasikiliza, hajui aliweke wapi.