Jumapili Moja na Kanga za Dada wa Kazi

Saa moja asubuhi nafungua karakana yangu ya sanaa, natandaza mifuko ya shangazi kaja niliyoifumua jana. Ndiyo iliyobeba nguo za mabinti waliotoka Iringa na Singida kuja Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Juu yake nashonea kanga zao zilizochakaa, ambazo niliwalipa kwa bei ya doti mpya. Siwezi kudai haki zao kwa vitu nilivyowachukulia bure.

Saa tatu naanza na jina, yale maandishi ya kanga. Pindo la ukingoni na mji wa katikati naviacha kama vilivyo. Jina la kiwandani nalifunika, juu yake inakaa kauli ya mwenye kanga kama alivyoitamka. Ya leo ni NIULIZENI KAMA NIMEKULA. Wapo walionishauri niipambe kidogo, iwe na vina. Nimekataa. Kwa miaka mingi kanga imemsemea mwanamke mbele ya jirani na mke mwenza. Huyu ana neno na bosi wake, lisemwe hivyo hivyo.

Herufi K imeangukia palipolegea, pale alipokuwa akikaza fundo la mbeleko ya mtoto wa bosi. Sindano ikipita, kitambaa kinachanika. Nabandika kipande cha kiroba kwa nyuma, nashona polepole, uzi mmoja mmoja. Mpaka adhuhuri sijamaliza neno.

Saa nane, bati kutoka kwa mafundi wa masanduku wa Gerezani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Natoboa kwa msumari matundu 9 mstari wa juu, tundu moja kwa kila saa. Chini yake natoboa siku ya mwenye kanga: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Matundu 17. Bati linaishia pembeni, inabidi niunge jingine.

Saa kumi jioni anafika mwenyewe, ametoka kanisani. Anapapasa herufi, ananiambia, “Dada, hiyo NIMEKULA iwe nyekundu. Na jina langu usiliweke.” Tunarudia mkataba: kazi ikiuzwa, fedha nusu kwa nusu, na nakala yake anayo. Akishaondoka nafumua neno la mwisho, natafuta uzi mwekundu.